Mita Nne za Karatasi

Ofisini wananiita Rula, na kwa miaka mingi nilijivunia jina hilo. Nilikuwa mtu wa kunyoosha. Ukiniletea mchoro uliopinda kwa unene wa unywele, nilikurudishia kabla hujakaa. Wenzangu walisema hata kitandani nalala sambamba na ukuta, nami nikacheka nao kwa sababu ilikuwa kweli. Siku hizi mtu akiniita Rula natamani ardhi ipasuke inimeze.

Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo katika ofisi ya mipango miji. Mwenye kiwanja huleta ombi lake, mimi humchorea, kamati ya vibali hukaa, mhuri hupigwa, nyumba husimama. Ikishasimama siendi kuitazama. Kwangu nyumba ilikuwa imekwisha siku wino ulipokauka.

Mwaka juzi alikuja bwana mmoja mwenye kiwanja chembamba na tamaa pana. Nilimchorea safu tatu za vyumba vya kupangisha, na kati ya safu na safu nikamwachia uwazi wa mita nne, kama sheria yetu inavyotaka, ili dirisha la kila chumba cha kulala lipate hewa na jua. Mchoro ulikuwa safi. Niliutazama mara mbili tatu kabla ya kuupeleka, kwa kujifurahisha mwenyewe tu.

Baada ya siku mbili Mkuu wa kitengo akanijia mezani, kikombe cha chai mkononi.

"Rula, mteja anataka safu moja zaidi. Hapo katikati."

"Kiwanja hakitoshi, Mkuu."

"Kiwanja kinatosha sana. Ni hizo nafasi zako ndizo zimezidi." Akainama, akashusha sauti. "Sogeza mistari. Tarakimu ziache kama zilivyo."

Hapa nieleze, maana asiyefanya kazi hii hawezi kuuona ubaya wake. Kwenye mchoro kila nafasi ina mstari, na juu ya mstari huandikwa urefu wake. Tangu siku ya kwanza chuoni tunafundishwa kwamba inayotawala ni tarakimu. Karatasi husinyaa, nakala hupinda, kwa hiyo hakuna anayeweka rula juu ya mchoro, unasoma kilichoandikwa. Kamati nayo husoma tarakimu. Wajenzi wao hupanga vyumba kimoja baada ya kingine mpaka kiwanja kiishe, na kinachobakia ndicho uwazi. Kwa hiyo ukisogeza mistari na kuziacha tarakimu, kamati itaona mita nne, na kwenye jengo zitatokea mita moja na ushee upande wa milango, na upande wa madirisha hata nusu mita haifiki. Hakuna aliyejumlisha. Mtoto wa darasa la nne angejumlisha akagundua kwamba nyumba ile ni pana kuliko kiwanja chake.

Nilisitasita. Mkuu hakunigombeza. Alinywa chai yake, kisha akasema, "Na yule dada yako fundi cherehani, si anatafuta chumba? Safu ya katikati bado haina mtu."

Alijua pa kunishika. Dada alikuwa amepewa miezi sita kuondoka alipokuwa akiishi, kwa sababu barabara inapanuliwa. Ramani ya barabara hiyo nayo ilitoka ofisini kwetu. Kwangu nilikuwa na chumba cha pili, ndiyo, chenye madirisha mawili, lakini humo niliweka meza yangu ya kuchorea, nikajiambia kwamba Dada ni mtu mzima, anapenda kujitegemea, atajisikia vibaya kukaa kwa mdogo wake. Sikumuuliza. Alasiri ile ile nikasogeza mistari. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonikera zaidi nikilikumbuka. Mistari yangu ilinyooka kama kawaida.

Dada ndiye aliyenilea. Wazazi walipotutoka yeye alikuwa na miaka kumi na saba, mimi sita, na kilichobaki nyumbani ni cherehani ya mama. Hesabu nilijifunza kwenye futi yake ya kamba. Alinikabidhi ncha moja, yeye akavuta nyingine juu ya kitambaa, akaniambia, "Soma kwa sauti." Nikikosea kwa nusu inchi alinifinya sikio, kwa sababu nusu inchi, alisema, ni shati la mtu kukataa kufunga vifungo. Chuo cha uchoraji alinisomesha kwa kushona sare za shule za watoto wa watu, mpaka kidole chake cha shahada kikaota sugu ngumu ambayo sindano haipenyi.

Nyumba ilipomalizika, watu waliiita Safu Nne. Dada akapata chumba namba kumi na nne, safu ya katikati. Siku aliyopewa ufunguo nilimpelekea zawadi: nakala ya mchoro wenyewe, yenye saini yangu na mhuri wa kamati, na chumba chake nimekipaka rangi ya buluu. Alifurahi mpaka akanikumbatia mbele za watu. Baada ya wiki nikaukuta umetiwa fremu na kutundikwa ukuta wa nyuma. Ulikuwa mkubwa, umechukua karibu nusu ya ukuta.

"Kila mteja akiingia namwonyesha," alisema. "Nasema, huyu aliyechora ni mdogo wangu, tumbo moja."

Nilimtembelea mara moja kwa mwezi. Kila nilipofika alinivutia kiti mpaka kizingitini. "Kaa hapo mlangoni. Huku ndani kuna nguo za watu, utanikunjia." Taa yake ilikuwa inawaka saa sita mchana, nami nikamtania kwamba atalimaliza shirika la umeme. Alikuwa na kikohozi. Alisema ni vumbi la pamba, mafundi wote wanalo. Sikuuliza dirisha la chumba kile liko wapi. Nilijua liko wapi, nililichora mwenyewe, na moyoni nilishukuru kwamba halionekani.

Mwaka ukapita, na miezi kadhaa juu yake.

Jumatatu moja asubuhi akaja ofisini nesi wa zahanati ya jirani na Safu Nne. Mwanamke mfupi, viatu vimeliwa kisigino, begani mkoba wa kitambaa. Hakwenda kwa Mkuu. Alikuja moja kwa moja kwenye dirisha la wachoraji, akatandaza mbele yangu karatasi ya daftari. Alikuwa amechora Safu Nne kwa kalamu ya kawaida, mistari imepinda vibaya sana. Ndani ya baadhi ya vyumba alikuwa ametia alama ya msalaba.

"Kaka, samahani, mimi si mchoraji," alisema.

"Naona," nikasema. Nilidhani nimefanya mzaha.

"Hii misalaba ni wagonjwa wangu wa kifua kikuu, tangu mwaka jana. Kumi na mmoja. Wawili ni watoto. Hebu tazama walipo."

Nikatazama. Misalaba yote ilikuwa kwenye safu mbili za ndani. Safu za pembeni, zenye madirisha ya barabarani, hazikuwa na hata mmoja.

"Nawapa dawa," akaendelea. "Wanameza mbele yangu, sidanganyiki. Lakini wanarudi kulala kwenye chumba kisicho na hewa wala jua, wanakoholeana usiku kucha, na akipona huyu ameshaanza yule. Nimewaambia wafungue madirisha, wakanicheka. Nikaenda kuona mwenyewe. Kaka, dirisha halifunguki, linagonga ukuta! Bwana afya anasema bila mchoro uliopitishwa hawezi kumgusa mwenye nyumba. Naomba huo mchoro."

Jicho langu lilikuwa limeshatua kwenye chumba cha kumi na nne. Kilikuwa na msalaba.

"Huyu wa kumi na nne," nikasema, "ameanza lini?"

"Huyo ana miezi miwili na dawa. Fundi cherehani. Mtu mpole kweli, lakini alichelewa kuja. Nilipomuuliza kama ana ndugu wa kumsaidia, akasema ana mdogo wake, mtu mkubwa serikalini, hataki kumsumbua."

Faili la Safu Nne lilikuwa kwenye kabati nyuma ya mgongo wangu, rafu ya pili, jalada la kijani. Ningeweza kulifikia bila kusimama. Ndani yake kulikuwa na mchoro wenye mistari ya uongo na saini yangu. Niliona kazi yangu ikienda, Mkuu akinikana, jina langu likitajwa korido nzima.

"Faili hilo halionekani," nikamwambia. "Tulihamisha makabati. Njoo wiki ijayo."

Nesi akaikunja karatasi yake mara nne, akasema asante, akaondoka na viatu vyake vibovu. Na mimi, mbele ya Mungu, nilichukua penseli nikaendelea na kazi. Nilichora ngazi nzima ya shule ya msingi kabla sijainua kichwa.

Siku mbili sikula vizuri wala kulala. Nilikuwa nimeambiwa kwamba dada yangu anaumwa, nikajibu kwamba faili limepotea. Siku ya tatu nikaamka na nia. Nilifika ofisini kabla ya mfagizi, nikafungua kabati, rafu ya pili. Pengo. Jalada la kijani halikuwapo.

"Unatafuta nini, Rula?" Mkuu alikuwa amesimama mlangoni, kikombe kile kile mkononi. "Nilisikia nesi alikuja. Umemjibu vizuri sana. Nami nikaona nisikufanye mwongo."

Alitabasamu kabisa, kama mtu aliyenifanyia hisani. Uongo wangu wa dakika moja alikuwa ameufanya kuwa kweli.

Mwenye nyumba asingetoa ya kwake; ilibaki nakala moja tu duniani, na ilikuwa ukutani kwa Dada.

Nilikwenda mchana wa siku hiyo hiyo. Safari hii niliingia kwa macho ya kuona. Ujia wa kufikia mlango wake ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mama aliyebeba ndoo ilibidi asubiri mimi nipite. Juu, mabati ya safu mbili yalikaribia kugusana. Kuta zilikuwa na ukungu wa kijani hadi usawa wa kiuno. Mtu mmoja alikohoa upande wa kushoto, na upande wa kulia mwingine akamjibu.

Dada alikuwa kwenye cherehani, kitambaa kimefungwa mdomoni. Aliponiona akasimama, akavuta kiti mpaka kizingitini.

"Leo si mwisho wa mwezi," alisema. "Kuna nini?"

"Naomba kuuazima ule mchoro, Dada."

"Wa nini?"

Njiani nilikuwa nimejitengenezea uongo mzuri, kwamba kuna maonyesho ya kazi za wachoraji. Nilipoiona ile futi shingoni mwake nikauacha. Nikamwambia yote: safu ya nne, Mkuu, mistari na tarakimu, misalaba ya nesi, kabati. Nililia kama mtoto aliyevunja kitu cha watu. Yeye aliendelea kufumua mshono wa mkono wa shati, polepole, uzi mmoja baada ya mwingine.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya. Ushushe."

Nikaishusha fremu. Nyuma yake palikuwa na dirisha.

Vioo vyake vilikuwa vizima, hata stika ya kiwandani haijabanduliwa. Nikakisukuma kipande kimoja. Kikafunguka upana wa viganja viwili, kikagonga ukuta wa jirani. Nikapenyeza mkono, nikaugusa ukuta ule. Ulikuwa unatoka jasho.

Dada akailaza fremu juu ya meza ya kukatia, akaondoa kioo, akatoa futi yake shingoni. Akaiweka juu ya chumba cha buluu.

"Soma kwa sauti."

"Dada..."

"Soma."

"Sentimita tatu."

"Na hapo umeandika ngapi?"

"Mita tatu."

"Sawa. Kila mita ni sentimita moja." Akaisogeza futi kwenye uwazi wa nyuma ya chumba. "Na hapa?"

"Vistari viwili. Haifiki hata sentimita."

"Umeandika ngapi?"

Nikaangalia pembeni. Akanitazama, macho yamekuwa makubwa usoni kwa kukonda.

"Soma, mdogo wangu. Shule ulikwenda."

"Mita nne."

"Mita nne," alisema. "Kitambaa gani hicho kinachorudi namna hiyo kabla hakijaingia majini?" Na akacheka, Mungu wangu, akacheka mpaka kikohozi kikamshika akageukia pembeni. Nilitaka kumshika mgongo, akaninyooshea kiganja nikae mbali.

"Umejua lini?" nikamuuliza alipotulia.

"Siku niliyohamia. Nilifungua dirisha likanigomea. Nikasema, mafundi wamekosea, mdogo wangu hakosei. Jioni yake nikaupima mchoro. Nikaona mafundi hawana kosa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie ili iweje? Ufukuzwe kazi? Nimeshona sare za shule ngapi wewe ufike hapo ulipo, halafu nikukoseshe mkate kwa ajili ya dirisha?" Akaikunja futi, akairudisha shingoni. "Halafu ulikuja na furaha yako siku ile. Umenipakia chumba rangi ya buluu. Nikaona niutundike hapo, ukija usilione."

Nilikuwa nikiamini kwamba ameutundika kwa kujivuna. Kumbe mwaka mzima na zaidi mtu huyu alikuwa amelifunika kosa langu kwa saini yangu mwenyewe, ili nisione haya.

"Na kiti, Dada? Kila siku unanikalisha mlangoni. Ni nguo za watu kweli?"

"Mlangoni kunapita hewa kidogo," alisema, kama mtu anayeeleza jambo lisilo na uzito. Kisha akashika sindano.

Sikurudi ofisini. Nilikwenda zahanati na mchoro umeviringishwa kwapani. Nesi alikuwa anahesabu vidonge. Niliutandaza mbele yake, nikamwonyesha tarakimu, nikamwonyesha mstari, nikamwonyesha saini. Nikaomba karatasi, nikaandika mambo yote kwa mkono wangu: nani alisema nini, nani alisogeza nini, na kwamba siku ya Jumatatu faili lilikuwapo. Nilipofika mahali pa kuandika idadi ya wagonjwa nikaandika kumi na mmoja.

"Andika kumi na wawili," alisema nesi. "Wa chumba cha kumi na tisa, jana. Msichana wa miaka minane."

Nikakata, nikaandika kumi na wawili. Nesi hakunishukuru, na nilimheshimu kwa hilo.

Yaliyofuata yalikwenda haraka kuliko nilivyotarajia. Bwana afya alifika na futi ndefu ya chuma. Safu iliyoongezwa katikati ikaamriwa kuhamwa na kubomolewa. Mimi nikasimamishwa kazi kwa barua ya mistari mitatu, na Mkuu akasimamishwa wiki iliyofuata, baada ya jalada la kijani kukutwa ndani ya gari lake. Tulipokutana kwenye korido ya uchunguzi aliniambia nimejikata mguu mwenyewe. Nilimjibu kwamba angalau safari hii nimekata palipopimwa. Lilikuwa jibu la kishujaa, nami nililirudia kichwani siku nzima, mpaka nikakumbuka msichana wa miaka minane, na ushujaa wote ukaniishia.

Jumamosi nikaitoa meza yangu ya kuchorea katika chumba cha pili. Ilikuwa haipiti mlangoni, nikaikata miguu kwa msumeno. Nikafagia, nikapiga deki, nikafungua madirisha yote mawili. Upepo uliingia kwa lile la mashariki ukatokea kwa lile la kusini, kama vitabu vyetu vinavyosema unavyopaswa kupita. Dirishani nikaweka kiti kimoja kizuri, chenye mto, kwa ajili ya Dada. Nesi alikuwa ameniambia: madirisha wazi mchana na usiku, dawa kila siku, na wewe mwenyewe uje kupimwa.

Dada alifika alasiri, cherehani yake imekuja na mkokoteni. Nilimwingiza chumbani, nikamwonyesha kiti. Alizunguka polepole, akagusa fremu ya dirisha moja, akagusa la pili, akatoa mkono nje hadi kwenye bega, akauacha huko kwa muda, unaning'inia juani.

"Hili halina ukuta," alisema.

"Halina, Dada."

Nikatoka kumsaidia mwenye mkokoteni kushusha cherehani. Haikuchukua hata dakika tano. Niliporudi nimeikumbatia kifuani, nikamkuta ameketi chini kwenye kona ya mwisho ya chumba, mbali na madirisha yote mawili, mgongo ukutani, kitambaa mdomoni. Kiti alikuwa amekigeuza, kimeelekea jua, na mto wake ameupigapiga ukaumuka.

"Pumzika hapo, mdogo wangu, penye hewa," alisema. "Mimi nimeshazoea."